Kabla ya Kuchimba Mtaro: Kuupima Mto Msimbazi kwa Modeli

Ukikabidhiwa kazi ya kupanga kinga ya mafuriko katika bonde la Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, ombi la kwanza litakalokufikia ni mtaro. Wakazi wa Kigogo watataka mtaro mpana zaidi, diwani naye atautaka, na abiria wa mabasi ya mwendokasi ambaye kila masika hukuta barabara imefungwa Jangwani atauliza kwa nini haujachimbwa mpaka leo. Ombi hilo lina haki yake. Hata hivyo, maji yanayoondoka Tabata upesi hufika Jangwani upesi, na yote, ya Tabata, ya Vingunguti na ya Tandale, hatimaye lazima yapite kwenye mlango mmoja mwembamba karibu na Daraja la Salender kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Anayechimba kipande kimoja bila kuhesabu bonde zima huenda anamwondolea mmoja maji na kumpelekea jirani. Ndiyo maana unahitaji modeli, yaani hesabu ya mvua, ardhi na mkondo iliyounganishwa ndani ya kompyuta. Kazi yake kubwa ni kulinganisha maamuzi kabla fedha hazijatoka. Nayo huaminika kwa kadiri ileile ilivyopimwa na mafuriko ambayo watu wameyaona kwa macho yao.

Anza na kalamu na karatasi, kompyuta isubiri. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka kupita Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata na Kigogo, unapokea vijito kama Luhanga na Mto Ng'ombe, kisha unatulia kwenye uwanda wa Jangwani. Eneo linaloumwagia maji ni kilomita za mraba kati ya 250 na 300, kutegemea unakomea wapi kupima. Sasa kumbuka hesabu moja isiyohitaji programu yoyote: milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Mnamo Desemba 20, 2011, Dar es Salaam ilipata zaidi ya milimita 150 kwa siku moja, katika mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 40 na kuwafanya wengine wahamishiwe Mabwepande. Milimita 150 zikinyesha sawasawa juu ya kilomita za mraba 250, zinatoa mita za ujazo milioni 37.5. Hata kama nusu yake ingezama ardhini, zinabaki karibu milioni 19 za kupita Jangwani. Weka tarakimu hiyo ukutani mwa ofisi. Siku modeli yako itakapokwambia kwamba siku kama ile ilipitisha milioni 2 au milioni 60, utajua papo hapo kwamba mahali fulani umekosea tarakimu au kipimo.

Baada ya hapo, ligawe bonde katika vibonde vidogo. Mipaka ya kata haikusaidii hapa, kwa sababu maji hayajui kata. Kata kipande panapokutana vijito, panapobadilika matumizi ya ardhi, kwenye kila daraja au kalavati kubwa, na pale ambapo utaulizwa swali. Hili la mwisho husahaulika mno. Kama Halmashauri itakuuliza kina cha maji kwenye daraja la Kigogo, basi lazima modeli iwe na nukta ya kujibia papo hapo. Vinginevyo utakuja kukisia, na makisio yaliyotoka kwenye kompyuta hupewa heshima yasiyoistahili.

Kila kibonde kinahitaji kupewa tabia ya ardhi yake: kati ya mvua inayonyesha, kiasi gani kinatiririka na kiasi gani kinazama. Kwa kipande kidogo cha hekta chache, njia ya zamani bado inafaa: zidisha mgawo wa mtiririko kwa ukali wa mvua kwa milimita za saa, zidisha kwa hekta, gawanya kwa 360, upate mita za ujazo kwa sekunde. Hekta 10 za bustani na mashamba zenye mgawo wa 0.3, chini ya mvua ya milimita 60 kwa saa, hutoa nusu mita ya ujazo kwa sekunde. Zijengwe kwa mabati, lami na nyua zilizosakafiwa hadi mgawo ufike 0.8, hutoa 1.33. Kwa bonde kubwa kama Msimbazi njia hiyo haitoshi, kwa kuwa inadhani mvua ni moja kila mahali na kila wakati. Hapo wengi hutumia njia iliyotoka Idara ya Kilimo ya Marekani, inayoipa ardhi namba moja isiyozidi 100, ambayo mafundi huiita CN: ardhi inayonyonya vizuri hupata namba ndogo, sakafu ya zege hukaribia mia.

Hapa panahitaji utulivu kidogo, kwa sababu ndipo kiini cha tatizo la Msimbazi kilipo. Chukua kibonde ambacho zamani kilikuwa na miti na mashamba, CN yake 65, na sasa kimejaa nyumba, CN yake 85. Mvua ya milimita 200 ikinyesha, maji yanayotiririka hupanda kutoka milimita 96 hadi 155, yaani mara 1.6. Mvua ya milimita 100 hupandisha kutoka 25 hadi 61, karibu mara mbili na nusu. Mvua ya milimita 30, ambayo zamani isingetoa mtiririko wa kuonekana, sasa inatoa karibu milimita 7. Kadiri mvua inavyokuwa ndogo, ndivyo ujenzi unavyoongeza mafuriko yake zaidi kwa uwiano. Kwa hiyo mkazi anayesema kwamba siku hizi hata mvua ya kawaida inajaza mto anasema kweli, na anayemjibu kwamba mvua kubwa zilikuwepo tangu zamani anasema kweli vilevile; wanazungumzia mvua mbili tofauti. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Milioni moja ya nyongeza haikai hewani. Basi usitumie picha ya ardhi ya miaka kumi iliyopita kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa kwenye faili, na ukiweza, endesha modeli mara tatu: kwa ardhi ya jana, ya leo, na ya siku ambayo Kisarawe na Pugu zitakuwa zimejengwa kama Tabata ilivyo sasa. Tofauti kati ya mbio ya pili na ya tatu ndiyo bei ya kutopanga.

Kuhusu mvua yenyewe, jumla ya siku haitoshi. Milimita 80 zilizonyesha kwa upole kwa muda wa saa 12 na milimita 80 zilizoshuka kwa saa moja na nusu ni majanga mawili tofauti: kijito chenye mteremko hufurika kwa ile ya pili, mto mkubwa unaweza kuelemewa zaidi na mvua ndefu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ndiyo mlango wa kwanza wa kubisha, na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, ambayo Msimbazi uko chini yake, mlango wa pili. Pale vipimo vya dakika na saa vinapokosekana, kuna kazi iliyofanywa mahususi kwa eneo letu: mwaka 1974 Fiddes na wenzake walichapisha, kupitia maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, njia ya kukadiria mvua kali za Afrika Mashariki kutoka mvua ya siku, na mwaka 1976 ikafuata modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki. Ni kazi za nusu karne iliyopita, zilizolenga zaidi madaraja ya vijijini, lakini zimetokana na mvua na udongo wa kwetu, na ninaona ni busara kuzitumia kama mizani ya pembeni kuliko kunakili mvua ya kubuni kutoka mwongozo wa nchi yenye theluji. Kumbuka pia hali ya udongo kabla ya mvua. Mvua ya siku ya kwanza ya masika hukuta ardhi ina kiu, ya wiki ya nne huikuta imeshiba. Modeli inayoanza kila dhoruba kwa udongo mkavu itakuwa inajidanganya kila Aprili.

Utalazimika pia kuzungumzia mafuriko ya miaka 10, 50 au 100, na maneno hayo hupotosha watu kuliko mengine yote katika fani hii. Mafuriko ya miaka 100 hayana ratiba. Maana yake ni kwamba kila mwaka yana nafasi moja kati ya mia ya kutokea au kuzidiwa, hata kama yametokea mwaka jana. Mtu anayejenga nyumba kwenye mstari ambapo mafuriko hayo hukomea na kukaa humo miaka 30 ana nafasi ya karibu asilimia 26 ya kuyaona. Aliyejenga ndani ya mstari wa miaka 10 ana nafasi ya asilimia 96. Ukienda kwenye mkutano wa mtaa, acha miaka nyumbani uende na asilimia hizo, maana zinaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kucheza upatu au kukata tiketi ya bahati nasibu.

Sura ya nchi ndiyo sehemu ambayo modeli nyingi za miji yetu huanguka bila mwenyewe kujua. Data za bure za miinuko zilizopimwa kutoka angani mwaka 2000 na chombo cha Marekani zina mraba wa mita 30, na makosa yake ya kimo hufika mita kadhaa. Kwa kuchora mipaka ya bonde huko Pugu zinafaa. Kwa Jangwani, ambako nusu mita ndiyo tofauti kati ya maji uani na maji kitandani, hazifai, tena penye nyumba zilizosongamana hupima mabati zikidhani ni ardhi. Hapo tumia picha za droni au vipimo vya mpima ardhi. Dar es Salaam ina bahati ambayo miji mingi haina: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wenyewe, kuchora nyumba, njia na mitaro ya kata nyingi, na ramani ikawekwa wazi kwa kila mtu. Itumie, lakini nenda ukaone. Kalavati kwenye mchoro lina kimo cha mita mbili. Kwenye mtaa limejaa mchanga hadi kiunoni na chupa za plastiki juu yake. Modeli ichukue tundu lililopo. Lile la kwenye mchoro liwekwe kama chaguo mojawapo, jina lake «tukisafisha», na tofauti kati ya majibu mawili itakuonyesha thamani ya usafi kwa sentimita za maji.

Halafu kuna bahari. Mdomo wa Msimbazi ni wa maji kupwa na kujaa, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa Dar es Salaam huzidi mita tatu. Kilele cha mto kikifika bahari ikiwa imejaa, maji yanakosa pa kwenda na kurudi nyuma kuelekea Hananasif na Jangwani. Kikifika wakati wa kupwa, mvua ileile huleta madhara madogo zaidi. Wavuvi wanalijua hili bila hesabu. Ukiendesha modeli kwa usawa mmoja wa bahari, wa wastani, umepata jibu la siku ambayo haipo.

Programu si kikwazo. HEC-HMS kwa mtiririko na HEC-RAS kwa kina cha maji, zote za jeshi la wahandisi la Marekani, hutolewa bure, na SWMM ya mitaro ya mijini, iliyoanza 1971, ni bure vilevile. Kinachogharimu ni kazi ya kuthibitisha, nayo ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikipungua. Msimbazi hauna kumbukumbu ndefu za vipimo vya mto, hivyo shahidi wako mkuu ni ukuta. Maji ya tope huacha mstari juu ya rangi na chokaa; wenye nyumba wanakumbuka yalifika dirishani au yaliishia kwenye kitasa, na wanakumbuka yaliingia saa ngapi. Kusanya alama hizo, pima kimo chake kutoka usawa wa bahari, andika ni za mafuriko yapi, na uliza nyumba tatu za jirani kabla ya kuamini moja, kwa sababu mtu aliyepoteza kitanda hukumbuka maji marefu kuliko aliyekuwa safarini. Endesha dhoruba ileile ndani ya modeli. Ikikupa sentimita 60 pale ukuta unaposema mita moja na nusu, usikimbilie kuongeza ukwaruzo wa mto, yaani jinsi kingo na sakafu yake zinavyopunguza kasi ya maji, mpaka tarakimu zifanane. Tafuta kilichokosekana: kalavati lililoziba, kijito ulichokisahau, kujaa kwa bahari, au mvua iliyonyesha Kisarawe na kukikwepa kipimamvua cha uwanja wa ndege. Weka kando angalau tukio moja la mafuriko ambalo hukulitumia kabisa katika kurekebisha, ulitumie kuipima modeli mwishoni. Modeli iliyorekebishwa kwa dhoruba moja na kusifiwa kwa dhoruba hiyohiyo haijafanya mtihani.

Sasa linganisha. Endesha mtaro mpana peke yake, mabwawa ya kupunguza kasi peke yake, daraja lililoinuliwa peke yake, kisha mchanganyiko, na kila mara soma jibu mahali pote, si pale tu unapopahurumia. Mtaro mpana Tabata utashusha maji Tabata na kwa kawaida utapandisha kilele cha Jangwani. Bwawa linaloshika maji juu kwenye mkono wa Pugu husaidia kila aliye chini yake. Lakini bwawa si dawa ya kila mahali, na hapa hata wahandisi huteleza: maji ya vijito vya chini kwa kawaida hufika mtoni mapema, kabla ya kilele kutoka vilimani. Ukiyazuia saa mbili au tatu, unaweza kuyaachia wakati uleule kilele cha juu kinapopita, vilele viwili vikakutana, na Jangwani ikapata zaidi ya ilivyokuwa bila bwawa. Hakuna jicho linaloweza kuliona hilo likitazama bonde kutoka darajani. Vilevile, kuchimba mchanga Jangwani hushusha maji kwa msimu mmoja au miwili, kisha mmomonyoko wa juu huurudisha mchanga uleule. Bila kuzuia udongo kwenye miteremko, uchimbaji huo ni kodi ya kulipwa kila mwaka. Mpango wa bonde uliotolewa 2019, baada ya warsha za 2018 zilizokutanisha serikali, wataalamu na wakazi, uliliangalia bonde kutoka vilimani hadi baharini, na huo ndio ukubwa sahihi wa swali.

Wapo watakaosema haya yote ni kupoteza muda, kwani chanzo kinajulikana: watu wamejenga bondeni, waondolewe. Kuhama kunaweza kuwa sehemu ya jibu, na kwa nyumba zilizo ndani ya mstari wa miaka 10 ni vigumu kulitetea jibu lingine. Ila kuwahamisha watu wa Jangwani hakupunguzi hata ndoo moja ya maji yanayotoka kwenye paa za Gongo la Mboto. Tena, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kipimo kimoja kwa nchi nzima. Modeli itakuonyesha kwamba penye korongo lenye kingo ndefu maji hayafiki mita 60, na kwenye uwanda wa Jangwani yanaenda mamia ya mita. Sheria ifuatwe, lakini asidanganywe mtu kwamba mita ya 61 ni salama.

Wengine watasema data zetu ni chache mno, tusubiri vituo vya vipimo viwepo. Hoja hii ni nzito kuliko inavyosikika, kwa kuwa modeli ya data mbovu huwapa watu ujasiri wa uongo. Ila tuangalie kinachofanyika tukisubiri: mitaro huendelea kujengwa, kwa hesabu isiyoandikwa popote ya fundi na fedha iliyopo. Hiyo nayo ni modeli, isipokuwa hakuna anayeweza kuikagua. Na kosa la asilimia 30 katika kukadiria mvua, linalohuzunisha ukitaka kujua kina kamili cha maji, mara nyingi halibadilishi mpangilio wa machaguo: chaguo bora hubaki bora mvua ikiwa 30 pungufu au 30 zaidi. Jaribu mwenyewe kwa kupandisha na kushusha kila tarakimu uliyoikisia. Mpangilio ukibaki palepale, una jibu la kusimamia. Ukigeuka kwa sababu ya tarakimu moja, basi umejua kituo cha kwanza cha vipimo kijengwe kupima nini. Njia hiyohiyo inawajibu wanaouliza mvua za zamani zina maana gani hali ya hewa ikibadilika. Ongeza ukali wa mvua kwa asilimia 10, kisha 20, uone ni kinga ipi inayoelemewa taratibu na ipi inayovunjika ghafla, uchague ile ya kwanza.

Ukiwasilisha, toa ramani yenye ukingo wa maji uliofifia badala ya mstari mkali, kina kwa vipimo vya mwili, yaani kifundo cha mguu, goti, kiuno, na ukurasa mmoja wa makisio yako yote yaliyoandikwa wazi ili mwingine aje ayasahihishe. Modeli ya Msimbazi haimaliziki, kwa sababu mto unahama, mchanga unajaa na paa zinaongezeka. Panga kuirudia kila baada ya masika kubwa. Na alama za ukutani hazikai: mwenye nyumba hupaka chokaa upya wiki chache baada ya maji kukauka, nayo kumbukumbu ya mto inafutika. Masika ijayo, nenda na futi ya fundi na simu yenye kamera kabla ya brashi.